Namna ya Kufikisha Hoja ya Usawa wa Kijinsia Kutoka Mkutano wa Kijiji hadi Bajeti ya Halmashauri

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji au Kamati ya Mtaa, diwani wa viti maalum, mtendaji, afisa maendeleo ya jamii wa kata na kiongozi wa kikundi cha wanawake anayetaka kuona usawa wa kijinsia ukitoka katika hotuba za tarehe 8 Machi na kuingia katika mipango ya halmashauri yake. Mifano imechukuliwa katika mkoa wa Dodoma, lakini sheria zinazotajwa zinatumika Tanzania Bara yote. Msimamo wangu, ambao ndio unaobeba yote yatakayofuata, ni huu: katika serikali za mitaa, hoja ambayo haikuandikwa katika muhtasari wa kikao na haikutengewa fedha haina mwenyewe, hata kama siku ilipotolewa ilishangiliwa kwa vigelegele. Kuleta usawa ni kazi ya kuisindikiza hoja kutoka kikao kimoja hadi kingine mpaka ionekane katika kifungu cha bajeti, na baada ya hapo kuifuata tena mpaka fedha itumike kwa kazi iliyokusudiwa.

Wakazi wa Dodoma tuna vyombo vikubwa vya nchi mlangoni petu. Bunge liko hapa, na katika Mji wa Serikali Mtumba ziko TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) na Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, ambayo ilianza kusimama peke yake Januari 2022. Ipo pia Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Jinsia na Wanawake ya mwaka 2023. Hata hivyo, sera haichimbi kisima wala haijengi chumba cha kujifungulia. Kazi hiyo hufanywa na maamuzi ya halmashauri nane za mkoa huu, yaani Jiji la Dodoma, Mji wa Kondoa, na halmashauri za wilaya za Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Na maamuzi hayo, kwa sehemu kubwa, hutegemea kilichopanda kutoka vijijini na mitaani.

Jua kalenda

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na wengi hudhani kwamba kuzungumza mwezi Mei au Juni ni kuzungumza kwa wakati. Kwa kweli, kufikia hapo mlango umekwisha fungwa. Vijiji na mitaa huibua vipaumbele vyao, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, katika miezi ya mwisho ya mwaka; kata huviunganisha; wataalamu wa halmashauri huviingiza katika rasimu; na Baraza la Madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka unaofuata ili iende mkoani, TAMISEMI na hatimaye bungeni, ambako mkutano wa bajeti huanza Aprili.

Sasa linganisha kalenda hiyo na kalenda ya kilimo cha Dodoma. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na kwa kawaida huanza Desemba. Kufikia Novemba wanawake wengi wako mashambani wakisafisha na kuandaa ardhi ya mtama, uwele na karanga, na mvua ikishadondoka hakuna atakayeacha jembe ili aje kuketi kikaoni. Kijiji kikiitisha mkutano wa vipaumbele Desemba, kitapata mahudhurio ya wazee na vijana wachache, na vipaumbele vitakuwa vyao. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji fedha yoyote: mwombe Mwenyekiti wa Kijiji na Mtendaji, mapema mwezi Agosti, wapange mkutano huo Septemba au Oktoba, wakati mavuno yamekwisha ingia ghalani na mashamba bado hayajaita.

Hesabu kwanza, kisha sema

Anayesimama kikaoni na kusema kwamba wanawake wanateseka na maji hujibiwa kwamba kila mtu anateseka na maji. Anayesimama na hesabu hujibiwa kwa hesabu, na hapo ndipo mazungumzo ya bajeti yanapoanza.

Hesabu hizo unaweza kuzikusanya mwenyewe kwa daftari la mistari na kalamu. Chukua kituo kimoja cha kuchotea maji, ukae hapo tangu alfajiri mpaka jua linapokuwa kali, kwa siku moja ya kiangazi. Gawa ukurasa katika safu: saa aliyofika mtu, saa aliyoondoka, ni nani (msichana wa shule, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee, kijana wa kiume), amekuja na chombo gani, na amechota kiasi gani. Majina huyahitaji. Ukimaliza, usishangae ukiona kwamba foleni moja imebeba makundi mawili yenye mahitaji tofauti: upande mmoja wanawake na wasichana waliokuja na ndoo moja au mbili za kichwani kwa matumizi ya nyumbani, na upande mwingine vijana wenye mikokoteni ya punda iliyopakiwa madumu ya lita 20 kwa ajili ya kuuza. Mkokoteni mmoja ukitangulia, akina mama kadhaa husubiri, na miongoni mwao yumo binti ambaye kengele ya shule imekwisha lia. Hapo umepata hoja mbili tofauti. Moja ni ya fedha, kuongeza kituo au kukarabati pampu. Nyingine haihitaji hata shilingi, maana ni kuweka saa maalum za wauza maji katika utaratibu wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Usingeiona hoja hiyo ya pili kama usingeketi pale.

Hesabu nyingine ziko ofisini. Omba kuona rejista ya ardhi ya kijiji na uhesabu ni hati ngapi za kimila zina jina la mwanamke peke yake, ngapi zina majina ya mume na mke, na ngapi zina jina la mwanamume peke yake. Hesabu wajumbe wanawake katika kamati ya shule, ya zahanati na ya maji, na uangalie ni nani mwenyekiti na ni nani mtunza hazina. Mwombe mganga wa zahanati akueleze ni akina mama wangapi walijifungulia pale mwaka uliopita na wangapi walipewa rufaa. Kila takwimu inayochukuliwa na kijiji inapaswa kuchanganuliwa kwa jinsi na kwa umri. Kama haichanganuliwi, hilo nalo ni ombi la kupeleka.

Mkutano Mkuu wa Kijiji

Sheria inampa kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea haki ya kuingia Mkutano Mkuu, na mkutano huo hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Sheria inataka pia wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji wasipungue 15 wala kuzidi 25, na robo yao kwa uchache wawe wanawake. Idadi hiyo ni mwanzo mzuri, lakini kuwepo ndani ya kikao na kusikika ni mambo mawili.

Anza na saa. Mkutano wa saa kumi jioni unagongana na maji, kuni na chakula cha usiku; mkutano wa asubuhi mapema unagongana na shamba. Katika vijiji vingi vya kwetu saa nane mchana, nje ya msimu wa kilimo, huwafaa akina mama zaidi, lakini usikisie: waulize, kisha mwambie Mwenyekiti walichosema. Hakikisha pia tangazo limefika kisimani, mashineni, kliniki na katika vikundi vya vikoba, badala ya kuishia kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na vijiweni.

Pili, fanyeni kikao cha wanawake siku chache kabla ya mkutano. Kusudi lake ni kuchagua hoja mbili au tatu tu na kuwachagua wasemaji, mmoja kwa kila hoja, pamoja na wa kumuunga mkono. Hoja kumi zikitolewa na watu kumi hufifishana. Msemaji asiwe lazima yule mwenye maneno mengi. Mama aliyepeleka binti yake kujifungua usiku kwa bodaboda, kwa kuwa zahanati haina taa, atasikilizwa kuliko mtu yeyote akieleza kwa sauti ya kawaida lililompata na kinachotakiwa kufanywa.

Tatu, na hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote, ingiza hoja katika agenda kabla ya siku ya mkutano. Mwendee Mtendaji wa Kijiji, ambaye ndiye katibu, umwombe aiandike kama agenda inayojitegemea. Usikubali iwekwe katika mengineyo. Mengineyo hufikiwa jua linapozama, watu wameanza kusimama na kukung'uta nguo zao, na akina mama wamekwisha ondoka kwenda kuwasha moto.

Nne, simamia muhtasari. Tazama tofauti kati ya maandishi mawili ya jambo lilelile. La kwanza: “Wanawake walilalamikia ukosefu wa taa katika zahanati.” La pili: “Mkutano Mkuu umeazimia kwamba kufunga umeme wa jua katika chumba cha kujifungulia cha zahanati ya kijiji kiwe kipaumbele cha kwanza cha kijiji kwa mwaka wa fedha ujao, wananchi watachangia nguvu kazi, Mtendaji wa Kijiji atawasilisha azimio hili katika Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya mwisho wa mwezi Novemba.” Maandishi ya kwanza ni kumbukumbu ya malalamiko. Ya pili yana uamuzi, kitu chenyewe, mchango wa wananchi, mtu wa kuwajibika na tarehe, na afisa mipango wa wilaya akiyapokea anajua la kufanya. Kabla ya mkutano kufungwa, mwombe Mwenyekiti kwa heshima azimio lisomwe kwa sauti kama lilivyoandikwa, kisha omba nakala iliyogongwa muhuri. Nakala hiyo ndiyo silaha yako katika kila ngazi inayofuata.

Kata na Halmashauri

Kamati ya Maendeleo ya Kata huongozwa na diwani, Mtendaji wa Kata akiwa katibu wake, na wajumbe wake wengi ni wenyeviti wa vijiji au mitaa. Kwa kuwa wengi wa wenyeviti hao ni wanaume, hoja ya wanawake inaweza kufika pale bila mwanamke hata mmoja wa kuitetea. Zipo njia mbili za kuziba pengo hilo. Diwani wa viti maalum anayeishi katika kata ni mjumbe wa kamati, kwa hiyo mpelekee nakala ya muhtasari siku kadhaa kabla, pamoja na zile hesabu za daftarini. Kamati inaweza pia kuwaalika watu wasio wajumbe, wasiokuwa na kura, na hakuna kinachozuia kiongozi wa Jukwaa la Kuwawezesha Wanawake Kiuchumi la kata kuwa mmoja wao.

Katika Baraza la Madiwani, wanawake wa viti maalum hawapungui theluthi moja ya wajumbe waliochaguliwa. Hiyo ni nguvu ya kutosha kupitisha au kukwamisha jambo, iwapo wanakubaliana kabla ya kikao bila kujali vyama vyao. Ushauri wangu kwao ni kwamba wasikubali wote kupangwa katika kamati za huduma za jamii na UKIMWI, ingawa kamati hizo ni muhimu. Wadai nafasi katika Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na katika ile ya uchumi, ujenzi na mazingira, kwa sababu huko ndiko stendi, masoko, barabara na mgawanyo wa mapato ya ndani vinakoamuliwa.

Kuisoma bajeti kwa mrengo wa kijinsia si elimu ya wahasibu peke yao. Mtandao wa Jinsia Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1993, ulianza kuwafundisha wananchi wa kawaida jambo hili tangu miaka ya tisini. Chukua rasimu, shika penseli, na kwa kila mradi uliza: ni nani atakayeutumia, ni nani atakayeajiriwa au kuuza wakati wa kuujenga, na ni nani atakayebeba mzigo mradi ukikwama? Chukulia ukarabati wa soko. Michoro itaonyesha paa, sakafu na vizimba. Uliza kama vizimba vya chini, ambavyo wauza mboga na mama lishe wanaweza kuvimudu, vimehesabiwa; kama kuna choo cha wanawake chenye maji; kama taa zitawaka mpaka saa ya kufunga; na kama kodi ya kizimba itatozwa kwa siku au kwa mwezi, maana mwenye mtaji wa sinia moja la nyanya hawezi kulipa mwezi mzima kabla hajauza. Chukulia tena ujenzi wa vyoo vya shule. Bajeti ikisema matundu tu, ongeza chumba cha kujistiri cha wasichana, na ueleze wazi kwamba chumba hicho ni mlango wenye komeo la ndani, maji, ndoo yenye mfuniko na kichomea taka. Nimeona chumba kilichopewa jina hilo ambacho hakikuwa na komeo wala maji, na wasichana hawakukitumia; fedha ilitoka na siku za hedhi zikaendelea kuwa siku za kukosa masomo.

Katika kifungu cha elimu, uliza pia ni nani anayewafuatilia wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua, lakini ruhusa bila mtu wa kuwatembelea nyumbani na kuzungumza na wazazi wao haiwarudishi wengi.

Asilimia kumi na namna ya kuilinda

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inailazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiacha yale yaliyofungwa kwa matumizi maalum, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa baada ya ukaguzi kuonyesha marejesho duni na vikundi hewa, na mwaka 2024 ukarejeshwa kwa kanuni mpya. Jiji la Dodoma liliwekwa miongoni mwa halmashauri 10 za majaribio ambako mikopo hupitia benki, huku halmashauri nyingine zikiendelea kutumia kamati zake.

Diwani au kiongozi wa wanawake ana mambo ya kuyafuatilia hapa, na la kwanza ni kama asilimia hiyo imetengwa kweli kila robo mwaka kutokana na makusanyo halisi, kwa kuwa fedha iliyokisiwa katika bajeti na fedha iliyowekwa katika akaunti ya mikopo si kitu kimoja. La pili ni mgawanyo ndani ya makundi. Ile asilimia 4 ya vijana si ya wavulana. Uliza wasichana wangapi wamo katika vikundi vya vijana vilivyokopeshwa. Ile 2 ya watu wenye ulemavu nayo ina wanawake wake, ambao husahaulika pande zote mbili. La tatu ni umiliki halisi wa kikundi: kikundi chenye majina ya wake huku maamuzi yote yakifanywa na waume zao kitakopa kwa jina la wanawake na kuwaachia wanawake deni.

Kwa kikundi chenyewe, ushauri ni mfupi ingawa utekelezaji wake ni mgumu. Sajilini kikundi kwa msaada wa afisa maendeleo ya jamii wa kata, fungueni akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, wekezeni hisa zenu wenyewe kwa miezi kadhaa kabla ya kuomba, na chagueni biashara mnayoijua. Katika mkoa huu wanawake wanakamua alizeti, wanasindika karanga, wanafuga kuku wa kienyeji, na katika maeneo ya zabibu kama Hombolo na Mpunguzi wapo wanaouza zabibu na mchuzi wake. Andikeni katika maombi kwamba marejesho yaanze baada ya bidhaa kuuzika. Kikundi kinachonunua mbegu za alizeti Desemba hakiwezi kuanza kulipa Februari, na kikilazimishwa kitauza mbuzi wa wanachama ili kilipe. Mbuzi hao mara nyingi ndio akiba pekee ya mama.

Jambo linaloandamana na hili, ambalo bado wachache wanalitumia, ni ununuzi wa umma. Taasisi za umma, halmashauri zikiwemo, zinapaswa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalum ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha akina mama wanaoshona kinaweza kuuza sare, na cha mapishi kinaweza kutoa chakula cha mafunzo, iwapo kimesajiliwa katika mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa serikali. Mwombe afisa ununuzi wa halmashauri atenge siku ya kuvisajili vikundi katika kila tarafa, badala ya kuvisubiri makao makuu ya wilaya.

Ardhi

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatamka wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima haki hiyo. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Kijiji ambacho baraza lake halina wanawake watatu kina jambo la kurekebisha katika Mkutano Mkuu ujao, kabla ya kusikiliza shauri jingine.

Wakati mzuri wa kulinda haki ya mwanamke ni wakati wa kupima mashamba na kuandaa hati za kimila, kabla ugomvi haujazuka. Halmashauri ya Kijiji ipitishe azimio kwamba kila kaya yenye wanandoa itaelezwa, mume na mke wakiwa pamoja mbele ya kamati, juu ya uwezekano wa kuandika majina yote mawili katika hati. Fedha ya kijiji isitumike kupima shamba ambalo mke hakuarifiwa. Katika ndoa za mitala, ambazo ziko nyingi kwetu, jina moja la mke katika hati ya mashamba yote ya mume humwacha mke mwingine mikono mitupu. Ni afadhali kila mke apimiwe shamba analolima na jina lake liandikwe humo. Majina yaandikwe kama yalivyo katika kitambulisho cha taifa, kwa sababu mjane mwenye hati iliyoandikwa Mama Fulani atapata tabu kubwa siku ya mirathi. Na akitokea mzee wa baraza anayesema kwamba mke hakununua chochote na kwa hiyo hana chake, akumbushwe kwa upole kwamba tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikwisha kubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa.

Ukatili na sheria ndogo

Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ambao awamu yake ya pili ni ya 2024/25 hadi 2028/29, unataka kuwepo kamati za ulinzi wa wanawake na watoto tangu kijiji au mtaa hadi halmashauri. Kamati nyingi zina majina ya wajumbe, lakini hazina nauli. Binti aliyebakwa katika kijiji kilicho mbali na barabara anahitaji kufikishwa kituo cha afya na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndani ya saa chache, na mtu wa kumsindikiza. Pendekeza kifungu kidogo cha bajeti kwa usafiri huo tu. Kwa maoni yangu, hakuna fedha ndogo katika bajeti nzima ya kata inayofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo: Halmashauri ya Kijiji huandaa rasimu, Mkutano Mkuu huijadili, na Baraza la Madiwani huidhinisha. Sheria ndogo zinafaa kwa mambo kama foleni ya maji au utoro wa shule. Hazifai kamwe kwa makosa ya jinai. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na shauri la namna hiyo haliwezi kumalizwa barazani kwa faini ya ng'ombe au mbuzi kati ya wazee wa pande mbili. Mtendaji anayekubali usuluhishi huo anamvunjia mtoto haki yake, na muhtasari wa usuluhishi unaweza kuwa ushahidi dhidi ya mtendaji mwenyewe.

Katika mambo yote haya, zungumza mapema na wazee wa mila, mapadri, wachungaji na masheikhe wa eneo lako. Waendee nyumbani kabla ya mkutano, na uwaambie unachokusudia kusema. Mzee aliyeshirikishwa atasimama na kusema neno moja ambalo wewe ungelisema mara kumi bila kusikika.

Baada ya bajeti kupita

Omba nakala ya sehemu ya bajeti inayohusu kata yako mara tu bajeti inapopitishwa. Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka na milango yake iko wazi kwa wananchi, kwa hiyo watumeni watu wawili kwenda kusikiliza, wakiwa wamemwachia diwani wenu swali moja lililoandikwa: kiasi gani kimepokelewa kwa kazi fulani, kiasi gani kimetumika, na kazi imefikia wapi. Kijijini, dai taarifa ya mapato na matumizi isomwe katika kila Mkutano Mkuu na kubandikwa ubaoni. Kama mradi umekwama, rudi katika muhtasari, mtaje kwa wadhifa wake aliyekabidhiwa kazi, na uombe tarehe mpya iandikwe.

Weka kumbukumbu hizi zote katika jalada moja: daftari la hesabu za maji, nakala za mihtasari yenye mihuri, sehemu ya bajeti, orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, na majina ya wajumbe wa kila kamati pamoja na jinsi zao. Viongozi wa vijiji na mitaa waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 watamaliza muda wao baada ya miaka mitano, wengine wataondoka kabla ya hapo, na watendaji huhamishwa bila taarifa ndefu. Jalada likiwa nyumbani kwa mtu mmoja, litaondoka naye. Liwekwe nakala mbili, moja ofisini kwa Mtendaji wa Kata na nyingine kwa katibu wa jukwaa la wanawake, na makabidhiano yake yaandikwe katika muhtasari kama yanavyoandikwa makabidhiano ya fedha.